Utao: shajara ya wimbo wa sauti mbili kuhusu penzi linaloangamiza

Wiki ya 1

Nimeanza kuandika wimbo wa waimbaji wawili, mwanamke na mwanamume, unaosimulia penzi linalommaliza mmoja wao polepole. Nimeamua kuweka shajara tangu siku ya kwanza, kwa sababu wimbo wa namna hii huharibika kwa urahisi na mwandishi asijue uliharibikia wapi.

Kilichonisukuma ni jambo dogo nililolishuhudia mwenyewe. Nilikuwa nimekaa meza moja na rafiki yangu wa miaka mingi, pamoja na mwanamume aliyekuwa naye wakati ule, na mtu mmoja akamuuliza rafiki yangu habari za kazi yake mpya. Alifungua kinywa, akatamka "Kwa kweli," na mwanamume yule akaipokea sentensi palepale na kuimaliza kwa upole, akitabasamu, mkono wake ukiwa begani mwa mwenzake. Rafiki yangu akafumba kinywa, akavuta glasi ya maji, akanywa bila kiu. Sisi tuliokuwa mezani tuliona ni mapenzi, na mmoja wetu hata alisema kwamba wale wawili wameshakuwa mtu mmoja. Akipenda, chongo huita kengeza, na safari ile walioita kengeza tulikuwa sisi marafiki. Ilipita miaka minne kabla hajatoka katika nyumba ile.

Kwa hiyo wimbo wangu utajengwa juu ya tendo hilo moja: mwanamke anaanza sentensi, mwanamume anaimaliza. Umbo lake tayari limo katika ushairi wetu. Mshororo wa mizani 16 hugawanyika vipande viwili vya mizani 8, ukwapi na utao, na nimempa mwanamke ukwapi na mwanamume utao. Katika malumbano ya kawaida kila mshairi huwa na beti zake, akasema yake hadi mwisho kabla mwenzake hajajibu. Hapa hakuna hata mmoja mwenye mshororo mzima. Mshororo wa kwanza niliouandika ni huu, na kila ninapousoma naona ni mtamu kweli:

Ukiwa mbali nakosa / usingizi na amani

Jina la muda la wimbo ni "Utao".

Wiki ya 2

Wiki hii sikuandika hata mshororo. Nimesoma, kwa sababu sitaki kuimba juu ya jambo ambalo nalijua kwa kuliona mezani tu.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Lenore Walker, alieleza mwaka 1979 mzunguko wenye hatua tatu: mvutano unajikusanya, unalipuka, kisha inafuata hatua ya majuto na mapenzi tele, ambamo aliyeumiza huomba radhi, huahidi na hubembeleza, hadi mvutano uanze tena. Si kila uhusiano wa kikatili unafuata ratiba hiyo, na watafiti waliokuja baadaye wamelisisitiza hilo, lakini niliposoma maelezo yale nilisimama ghafla, maana nilikuwa nasoma umbo la wimbo wa pop. Ubeti hukusanya mvutano, kipande kinachotangulia kiitikio huupandisha hadi karibu kupasuka, na kiitikio huja na utamu ambao msikilizaji amekuwa akiungoja. Kisha tunarudi kwenye ubeti. Msikilizaji anakitamani kiitikio kama mwanamke yule anavyoitamani hatua ya tatu, na kwa sababu hiyohiyo: anajua kwamba kitakuja. Sikuhitaji kubuni umbo jipya. Nilichohitaji ni kiitikio kiwe ni msamaha, na kirudi kila mara kikiwa na maneno yaleyale.

Jambo la pili linahusu ukatili usioacha alama mwilini. Tangu mwaka 2015, sheria ya Uingereza na Wales inahesabu kuwa kosa la jinai mwenendo wa kumdhibiti mwenzi au mtu wa familia, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka 5. Kilicholengwa hapo ni mwenendo wenyewe, yaani kupekua simu, kubana fedha, kumtenga mtu na ndugu zake, hata kama hakuna kofi lililopigwa. Nimeamua kwamba katika wimbo huu hakutakuwa na kofi. Si kwamba kofi ni nadra: makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 yanaonyesha kwamba asilimia 27 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuwa na mwenzi wamepata kufanyiwa na mwenzi ukatili wa mwili au wa kingono. Lakini msikilizaji akisikia kofi atajua papo hapo nani mbaya, na sisi mezani pale hatukujua.

Nimesikiliza tena nyimbo za wenzetu pia. Wimbo wa Eminem na Rihanna wa mwaka 2010, uliokaa wiki 7 kileleni mwa chati ya Billboard Hot 100, unampa mwanamume beti zote na mwanamke kiitikio tu; mwaka huohuo Rihanna alitoa sehemu ya pili katika albamu yake, na humo ndimo mwanamke anapopata nafasi ya kusimulia. Wimbo wa The Human League wa mwaka 1981, ambao watu huucheza kwa furaha hadi leo, una mwanamume anayemwambia mwanamke kwamba yeye ndiye aliyemwinua na anaweza kumrudisha alikomtoa. Funzo nililochukua kwa zote mbili ni kwamba mgawanyo wa maneno una uzito kuliko maneno yenyewe. Anayepewa maneno mengi ndiye anayeaminiwa.

Wiki ya 4

Beti tatu zimekamilika katika rasimu. Kina cha mwisho ni "ni" kutoka mwanzo hadi mwisho, na hicho kimebaki mikononi mwa mwanamume, kwa kuwa utao ni wake. Katika ubeti wa pili mambo yanaanza kubadilika bila sauti kubadilika:

Simu yangu ikilia / nitapokea mwandani

Na katika ubeti wa tatu:

Jana nilipochelewa / ulikuwa kwa fulani

Kiitikio kinageuza zamu. Hapo mwanamume ndiye anayeanza, na mwanamke ndiye anayekamilisha:

Nisamehe mara hii / nimekwisha kusamehe

Ni mahali pekee katika wimbo wote ambapo mwanamke anapewa neno la mwisho, na neno lenyewe ni msamaha.

Wiki ya 5

Muziki. Nimechagua mwendo wa mapigo 80 kwa dakika, mizani mbili kwa kila pigo, ili kipande cha mizani 8 kichukue mapigo 4, yaani sekunde 3 kamili. Wimbo mzima utakuwa kama dakika tatu na sekunde ishirini. Gitaa, besi, ngoma laini na kinanda. Sitaki ala nyingi, kwa sababu sauti mbili zenyewe ndizo hadithi.

Kosa la wiki hii lilikuwa langu. Nilitunga tuni kwanza kwa kinanda, na kila kipande nilikimaliza kwa noti ndefu ya juu kwenye silabi ya mwisho. Niliposikiliza demo nilihisi kwamba mwanamke anaimba Kiswahili alichojifunza juzi. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, naKOsa, aMAni, na tuni yangu ilikuwa inamlazimisha aimbe nakoSA. Nimehamisha noti ndefu kwenye "ko", na "sa" sasa inaanguka fupi na ya chini, kama mtu anayeshusha mzigo. Kazi hiyo ilinichukua siku mbili nzima, kipande kwa kipande, na wimbo ukaanza kupumua.

Nimeongeza pia kitu ninachokipenda katika ubeti wa kwanza: noti moja ya besi, nusu toni chini ya inayotarajiwa, inayoingia chini ya neno "amani" na kupotea. Ni onyo kwa msikilizaji makini.

Wiki ya 6

Tatizo kubwa la mradi limejitokeza wiki hii, na ninaliandika kwa urefu kwa kuwa nusura niache wimbo.

Tulifanya mazoezi ya kiitikio na waimbaji wote wawili. Mwanamke aliimba sauti ya kwanza, mwanamume akaingia kwa chini yake, umbali wa noti ya tatu, kama anavyofundishwa kila mtoto wa kwaya. Ilikuwa nzuri mno. Mpiga gitaa aliacha kupiga akasikiliza tu. Na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu, maana sauti mbili zinapokaa vizuri namna ile, sikio linaelewa kwamba watu hawa wamekubaliana, na hakuna maneno yatakayoweza kuliambia vinginevyo. Nilikuwa nimeandika wimbo unaomtetea mwanamume yule. Watu wangeucheza harusini.

Wazo la kwanza lilikuwa kuharibu upatano kwa noti zinazogongana. Tulijaribu, ikawa kama onyo lililobandikwa ukutani, na zaidi ya hayo ilikuwa si kweli, kwa kuwa hatua ya majuto huwa tamu kwa anayeiishi. Utamu ndio unaomrudisha. Nikimnyima msikilizaji utamu huo, atabaki akiuliza swali lilelile la watu wa nje, kwamba kwa nini haondoki.

Aliyetoa ufumbuzi ni mwimbaji wa kike. Baada ya kurudia kiitikio mara nyingi alisema, "Kaka, hebu niachie nisikie sehemu hii bila sauti yako." Akaimba peke yake, kisha akauliza kama sauti ya kwanza ni lazima ibaki kwake hadi mwisho. Swali hilo lilifungua kila kitu. Katika kiitikio cha kwanza yeye anaimba sauti ya kwanza na mwanamume anamfuata. Katika cha pili mwanamume ameichukua tuni ileile, na mwanamke amesogezwa kwenye sauti ya pili, juu yake, akimzunguka. Katika cha tatu tuni yote ni ya mwanamume, na mwanamke amebakiwa na noti moja tu, ileile, anayoirudia mizani nane mfululizo. Upatano haujavunjika hata mahali pamoja. Kila kiitikio kinapendeza. Ila tuni aliyokuja nayo mwanamke hana tena, na hakuna mtu aliyesikia ikinyang'anywa.

Sijawahi kufurahi hivi katika chumba cha mazoezi.

Wiki ya 7

Nimempelekea maneno ya wimbo mshauri anayefanya kazi na watu waliotoka katika uhusiano wa kikatili. Ni mama mtu mzima, mwenye maneno machache. Katika rasimu yangu wimbo ulimalizika kwa mlango unaobamizwa, sauti halisi ya mlango, na mwanamke akipaza sauti kuliko mahali popote. Alisoma hadi hapo akaweka karatasi chini.

"Mwanangu, mlango wa namna hii haubamizwi."

Alinieleza kwamba wakati wa kuondoka, na siku zinazofuata, ndio wakati wa hatari kubwa kuliko yote, na kwamba mwanamke mwenye mpango mzuri huondoka kimya, saa ambayo mwenzake hayupo, akiwa ameshatanguliza nyaraka zake na nguo chache kwa mtu anayemwamini. Aliniomba pia nisiandike wimbo unaomfanya msichana aliye ndani ajione mwoga kwa kuwa hajabamiza mlango. Nilimshukuru nikaondoka nikiwa na aibu ya kweli, si kwa sababu alinikaripia, bali kwa sababu mlango ule niliuweka kwa ajili ya ngoma zangu.

Sauti ya mlango imeondolewa. Mwisho mpya uko hivi. Mwanamume anaimba kwa mara ya nne, "Nisamehe mara hii," na utao haujibiwi. Mapigo 4 matupu, sekunde 3 bila sauti yoyote. Kisha mwanamke, kwa sauti ya mazungumzo, anaimba mshororo mzima peke yake, ukwapi na utao, kwa mara ya kwanza tangu wimbo uanze:

Leo nafunga mlango / nikiwa nje si ndani

Na kina cha "ni" kimekuwa chake.

Wiki ya 9

Kurekodi. Tulianza kwa kuwarekodi mmoja mmoja, kama desturi, na sauti zilikuwa safi na hazikuwa na uhai. Mchana tukawaweka wakitazamana, kila mmoja na maikrofoni yake, tukijua kwamba sauti ya mmoja itavuja kwenye maikrofoni ya mwenzake na kwamba baadaye hatutaweza kurekebisha noti moja bila kugusa nyingine. Tumepata walichokuwa wanakosa: pumzi. Katika ubeti wa tatu, baada ya "nilipochelewa", mwanamke anasikika akivuta pumzi ili aendelee, na mwanamume anaingia juu ya pumzi ile. Hatukuipanga. Imebaki.

Mwimbaji wa kiume alipata shida na ubeti huo. Kila alipofika "ulikuwa kwa fulani" sauti yake iliingia mkwaruzo, kwa sababu yeye ni mtu mwema na alitaka msikilizaji ajue kwamba hakubaliani na anayemwigiza. Nilimwomba aimbe maneno hayo kwa upole uleule aliotumia kuimba "usingizi na amani". Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alifumba macho akaimba kama anavyombembeleza mtoto, na alipomaliza alivua vipokea sauti masikioni akatoka nje, akakaa huko kama robo saa. Hilo ndilo toleo tulilolichukua.

Kisha likaja neno "nje". Ni neno la silabi mbili, na mkazo wake unakaa juu ya "n", kwa hiyo tuni iliyofuata kanuni yangu ya wiki ya 5 ilimtaka mwimbaji ashike noti ndefu kuliko zote juu ya konsonanti, ulimi ukiwa umebana juu na sauti ikipitia puani. Prodyuza alitaka noti ihamishiwe kwenye "je", ambako kinywa kiko wazi na sauti inaweza kupaa. Tulijaribu njia zote mbili. Ya kwake ilikuwa na fahari. Ya kwetu ilisikika kama mtu aliyezuia kitu kifuani kwa miaka, nnnn, hadi ulimi ukaachia na "je" ikatoka yenyewe, fupi, karibu na pumzi tupu. Tumebaki na "n".

Wiki ya 10

Kazi ya miksi imekwenda haraka isipokuwa jambo moja. Sauti ya mwanamume inapanda desibeli 1 kila sehemu mpya inapoanza, kutoka ubeti wa kwanza hadi kiitikio cha tatu, na ya mwanamke haiguswi. Desibeli 1 ni badiliko ambalo sikio la kawaida halilitambui kwa urahisi, hivyo hakuna hatua hata moja ambayo msikilizaji anaweza kuinyooshea kidole. Hatua ni 5. Kufikia kiitikio cha tatu inabidi utege sikio ndipo umpate mwanamke, nawe hujui tangu lini.

Prodyuza ana wasiwasi kuhusu zile sekunde 3 za ukimya, kwa kuwa redioni ukimya wa urefu huo huonekana kama mitambo imekatika. Alipendekeza tuache mwangwi wa kinanda. Nimekataa, na ninatambua kwamba huenda vituo vingine vikaukata wimbo kabla ya mwisho.

Wiki ya 11

Rafiki yangu amesikiliza. Nilikuwa nimeahirisha siku hii kwa wiki kadhaa, na nilimweleza mapema kwamba akisema hapana, wimbo hautatoka.

Alisikiliza mara moja hadi mwisho, akarudisha mwanzo, akasikiliza ubeti wa kwanza peke yake mara tatu. Kuhusu simu, fulani na mlango hakusema kitu. Alichoniuliza ni ile noti ya besi chini ya neno "amani" imewekwa ya nini. Nikamweleza kwamba ni onyo, ili msikilizaji makini ajue tangu mwanzo mambo yanaelekea wapi.

"Iondoe," alisema. "Wakati ule hakukuwa na onyo. Nililala usingizi mzuri kweli, na nilikuwa na amani kweli."

Kisha akasema kwamba mwisho umekaa sawa.

Noti ile nimeiondoa usiku huohuo. Sasa chini ya "amani" besi inakwenda kwenye noti yake ya kawaida, inakaa mapigo 2, na wimbo unaendelea.